Nani Alichukua Chonge Yako?

Kliniki ya kwanza niliyoingia walitaka kuyasogeza meno yangu ya juu. Meno ya juu ndiyo yanayoonekana mtu akicheka, walisema, na kwa kesi nyepesi kama yangu hakukuwa na haja ya vyuma, plastiki ingetosha. Kijana mmoja wa koti jeupe, mwenye adabu nyingi, alinipitishia skana mdomoni kisha akanigeuzia kompyuta. Nikayaona meno yangu yakielea hewani, yakijongea taratibu kuelekea kushoto, mpaka mstari wa kati wa juu ukaja kukaa sawasawa juu ya mstari wa chini. Filamu nzima haikumaliza dakika. "Umeona, dada? Mistari imekutana." Akanipa karatasi ya malipo, nusu mwanzoni na nusu kwa awamu.

Sikusaini siku ile kwa sababu moja tu: fedha sikuwa nazo. Kama ningekuwa nazo, leo ningekuwa na meno ya juu yaliyotolewa mahali pake ili yakayafuate ya chini yaliyopotea njia.

Kila mtu ana mistari miwili mdomoni ambayo kwa kawaida hana habari nayo. Mmoja unapita kati ya meno mawili makubwa ya mbele ya juu, mwingine kati ya meno mawili madogo ya mbele ya chini. Vitabu vinataka yote miwili isimame wima, mmoja juu ya mwenzake, chini ya kile kifereji kilichopo kati ya pua na mdomo. Kwangu mimi mstari wa chini ulikuwa umeangukia katikati ya jino la mbele la juu la kushoto. Jino hilo kwa watu wengi lina upana wa milimita nane au tisa, kwa hiyo hesabu ni rahisi: mstari ulikuwa umehama kama milimita nne.

Nimekua nao, nimesoma nao, nimeolewa nao, na sikuujua. Mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, baadhi yetu walimu tulirekodi vipindi kwa simu ili wanafunzi wasikae bure. Mimi nafundisha baiolojia katika sekondari moja ya Dodoma. Usiku nikikatakata zile video ndipo nilipoanza kuona kwamba kila nikitamka "seli" au "mizizi", meno ya chini yanaonekana kama yana safari yao. Nikamwita mume wangu aangalie. Akaniambia nicheke. Nikacheka. Akaniambia nifunge mdomo, nifungue tena. "Mimi naona meno," akasema mwisho, "na yapo yote."

Hayakuwapo yote, ila hilo tulikuja kulijua baadaye. Kuhusu mstari, mume wangu hana macho mabovu. Mwaka 1979 watafiti watatu wa Marekani, Miller, Bodden na Jamison, walichapisha vipimo vyao: mstari wa juu ulikuwa katikati ya uso kwa watu kama 70 katika kila 100, lakini mistari miwili, wa juu na wa chini, ilikutana kwa robo tu ya watu. Yaani ambao haikutani ndio wengi. Miaka 20 baadaye Vincent Kokich na wenzake walichukua picha za tabasamu, wakazichezea kidogo kidogo, wakawaonyesha madaktari wa kupanga meno, madaktari wa meno wa kawaida na watu baki. Mstari wa kati ulipohamishwa huku umesimama wima, wataalamu wa kupanga meno waliushtukia ulipofika milimita nne. Watu baki hata hapo hawakuona kitu. Ila meno ya mbele yalipolazwa upande, milimita mbili tu za mlazo zilitosha hata kwa macho ya mtu wa mtaani. Jicho linasamehe kilichohama. Kilicholala halikisamehe. Jambo hili lilikuja kuamua mambo mengi katika matibabu yangu.

Kwa hiyo kama ningekuwa natafuta uzuri peke yake, ningeishia hapo na ningeokoa fedha nyingi. Nilichokuwa nacho zaidi ni shavu. Upande wa kushoto meno ya juu na ya chini hayakukutana vizuri, na nilikuwa najitafuna shavu kwa ndani, hasa nikila haraka saa ya chai ya saa nne. Kidonda kinapona, najitafuna tena palepale. Mwalimu mwenzangu akanielekeza kwa daktari bingwa wa kupanga meno Dar es Salaam, mama wa makamo asiye na maneno mengi. Mabingwa wa fani hiyo hapa nchini ni wachache na wengi wao wako mjini, kwa hiyo nilijua tangu mwanzo kwamba nitalipa meno na nitalipa nauli.

Yeye hakushika skana. Alikata uzi wa kusafishia meno, akanipa ncha moja niishike katikati ya paji la uso, nyingine akaivuta mwenyewe hadi chini ya kidevu. Uzi ukapita katikati ya pua, ukaingia kwenye kifereji, ukashuka kati ya meno mawili ya juu bila kukosea. Kwa meno ya chini ukapita juu ya jino la kulia, mstari wangu umebaki kule kushoto peke yake. Kidevu kilikuwa katikati. Nilikuwa nauona uzi ule kwenye kioo cha mkononi, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba swali la kwanza halikuwa vipi mistari ikutanishwe. Swali ni upi kati ya hiyo miwili uliohama.

"Fungua mdomo polepole, mpaka mwisho," akasema. "Sasa funga. Tena."

Alikuwa anaangalia kama taya linacheza. Kuna watu ambao jino moja au mawili yameumana vibaya, basi kila wakifunga mdomo taya la chini linalazimika kuteleza upande ili wapate kutafuna. Hao wakifungua mdomo mistari inarudi kukutana, wakifunga inaachana. Ugonjwa wao uko kwenye namna ya kuuma, na ukiwasogezea meno ya mbele hujawatibu. Wengine mfupa wa taya umekua zaidi upande mmoja, kidevu chenyewe kimekwenda pembeni, na hao huenda wakahitaji upasuaji. Mimi taya halikucheza. Wazi au fumba, mstari wa chini ulikaa kushoto. Maana yake mifupa ilikuwa sawa. Meno ndiyo yaliyotembea juu yake.

Kisha akaanza kuhesabu kwa ncha ya kioo chake kidogo. Upande wa kulia akahesabu mara moja. Upande wa kushoto akahesabu, akasimama, akarudia.

"Nani alichukua chonge yako?"

Nikamwambia sijawahi kung'olewa jino maishani.

"Sijakuuliza kung'olewa. Umezaliwa wapi, mwaka gani?"

"Singida. Mwaka 1986."

"Mama yako yupo?"

"Yupo."

"Nenda kamwulize."

Nilimkuta mama uani anachambua alizeti. Nikamwamkia, nikakaa, tukaulizana habari za watoto na za mvua, na ndipo nikamwuliza. Hakuacha kuchambua. Alisema tu, "Kumbe inaonekana?"

Nilikuwa na miezi mitano, akaniambia. Nilikuwa naharisha mpaka macho yakaingia ndani, homa haishuki, na zahanati ilikuwa mwendo wa kutwa. Jirani akamleta bibi mmoja aliyekuwa anajulikana kwa kazi hiyo. Bibi akanifungua mdomo, akamwonyesha mama uvimbe mweupe chini ya ufizi, pale chonge inapoota, akamwambia hili ndilo jino la plastiki, hili ndilo linalommaliza mtoto. Akatoa spoku ya baiskeli iliyonolewa. Akachokonoa la kushoto chini, akatoa kitu kidogo cheupe na laini, akakiweka kwenye kiganja cha mama.

"Alitaka kuyatoa yote manne," mama akasema. "Ulivyolia lile la kwanza, nilikunyang'anya. Akanikasirikia sana. Alisema nimeacha kazi nusu, na ukifa nisimtafute."

"Na kuharisha kuliacha?"

"Kuliacha. Siku ya tatu kuliacha. Sasa mwanangu, nani angekuja kuniambia si kwa ajili ya lile jino?"

Sikuwa na jibu la kumpa pale uani, ingawa darasani ninalo. Kuharisha kwa mtoto mara nyingi huisha kwenyewe asipofa kwa kukaukiwa maji, na alichohitaji ni maji yenye chumvi na sukari kwa vipimo, basi. Kile cheupe alichotolewa ni chembe ya kawaida ya jino la utoto, laini kwa sababu bado halijakomaa. Kila mtoto anayo. Bibi angefungua mdomo wa mtoto yeyote kijijini mwetu, mgonjwa au mzima, na angeiona. Lakini hakuna anayefungua mdomo wa mtoto mzima kutafuta ugonjwa, kwa hiyo plastiki ikaonekana kwa wagonjwa peke yao.

Imani hii ya meno ya plastiki, wengine husema meno ya nailoni, ilienea sana Tanzania katika miaka ya 1980. Uganda wanaiita ebinyo. Iko Kenya, Ethiopia na Sudan Kusini, na imesafiri na wahamiaji hadi Ulaya na Israel, ambako madaktari wa meno wamekuwa wakikutana na watoto wasio na chonge bila kuelewa zilikokwenda. Watoto wamekufa kwayo, kwa kutoka damu, kwa vidonda kuoza, kwa pepopunda. Mimi nilipoteza jino moja. Na haijaisha: bado watafiti wanakuta watoto wadogo wenye makovu hayo kwenye ufizi, na mimi mwenyewe ninao wanafunzi ambao, sasa ninapojua pa kuangalia, nawaona wakicheka na najua.

Njiani kurudi Dodoma nilikuwa na jambo moja kichwani ambalo mpaka leo sijui niliweke wapi. Kama mama angemwachia bibi amalize kazi, ningepoteza chonge zote nne, kila upande sawa na mwenzake, na huenda mstari wangu ungebaki katikati. Umehama kwa sababu alinihurumia.

Nilipompelekea daktari majibu hakushangaa. Aliniwekea picha ya eksirei ya taya zima kwenye taa. Pale ambapo mzizi wa chonge ungekuwa, palikuwa na kijipande kisicho na umbo, kidogo kama punje ya mchele, kimezama mfupani. Hayo ndiyo masalia ya chonge ya ukubwani. Inaanza kujengwa mtoto akiwa na miezi minne au mitano, chini kabisa ya ile ya utoto, na spoku haikujua kutofautisha.

Kisha akanichorea. Meno manne ya mbele yalikuwa yametelezea kushoto kuliko wazi, na gego dogo la kushoto nalo likasogea mbele kuyalaki, mpaka pengo likazibika kabisa. Ndiyo maana mume wangu aliona yapo yote. Upande wa kulia yalikotoka kulibaki nyufa mbili tatu. Meno ya juu yalikuwa yamekaa mahali pake muda wote huo.

"Hao wengine walitaka kukusogezea ya juu kushoto," akasema. "Ukimfuata aliyepotea mnapotea wawili."

Tungeweza kuuacha mstari kama ulivyo na kurekebisha tu yale meno yanayokamata shavu; alinieleza hilo mwanzoni kabisa, na nilimheshimu kwa kuwa hakulificha. Tungeweza pia kung'oa gego moja dogo la kulia chini ili hasara iwe sawa pande zote. Hiyo ni njia inayofanyika sana meno yakiwa yamebanana, ila yangu hayakubanana, na meno ya chini yangerudi nyuma mno yaache ya juu yakining'inia mbele. Aliyoipenda yeye ndiyo ndefu kuliko zote: kukitoa kile kijipande, kulifungua upya pengo lililozibika, kuyarudisha meno manne kulia, na mwisho kuweka jino la bandia pale ambapo chonge ingekuwa.

Jino haliendi pasipo na mahali pa kwenda. Watu wanaokuja kuniuliza siku hizi, maana nimekuwa mshauri wa meno wa ukoo mzima, huwa wanauliza kuhusu waya wa aina gani, plastiki ya kampuni gani, rangi gani ya raba. Mimi huwauliza: nafasi itatoka wapi? Milimita nne zangu za kwenda kulia zilitoka kwenye zile nyufa, na zilipopungua daktari akasaga pembeni mwa meno kwa ukanda wenye msasa, si zaidi ya nusu milimita kila panapogusana meno mawili. Hakuumi. Ila sauti yake inapita kwenye fuvu, na nywele zinasimama.

Nilimwuliza kuhusu plastiki, kwa sababu kusema kweli nilikuwa naona haya kusimama mbele ya kidato cha tatu na vyuma mdomoni kwa umri wangu. Hakuzidharau. Alaina, yaani hizo plastiki angavu, zilianzia California, pale kampuni ya Align Technology ilipoundwa mwaka 1997, na zimefika mbali tangu hapo. Kila moja husogeza jino kama robo milimita, kisha unabadilisha, kwa hiyo milimita nne ni alaina zisizopungua 16 mambo yakienda yalivyopangwa. Tatizo ni hilo la kwenda yalivyopangwa. Plastiki inajua kulilaza jino. Kulisogeza lote pamoja na mzizi wake, likiwa limesimama, inapata shida. Utafiti wa Neal Kravitz na wenzake wa mwaka 2009 ulilinganisha meno ya mbele yalivyotarajiwa kwenye kompyuta na yalivyotokea kweli, ukapata usahihi wa asilimia 41. Uchunguzi kama huo mwaka 2020, plastiki ikiwa imeboreshwa, ukapata asilimia 50. Ile filamu niliyoonyeshwa kliniki ya kwanza, kwa maneno mengine, ilikuwa maombi.

Kwa mtu ambaye mstari wake umehama milimita moja au mbili, nafasi ipo, meno yenyewe yameinama upande na yanahitaji tu kusimamishwa, plastiki inafanya kazi nzuri na hakuna atakayejua. Awe tu mtu wa kuivaa saa 20 hadi 22 kwa siku na kuitoa wakati wa kula peke yake. Mimi ninayekunywa chai kila ninapoona birika sikujiamini.

Basi nikawekewa vyuma. Siku ya kwanza darasani hakuna aliyesema neno, na ukimya wa wanafunzi 50 si ukimya wa kawaida. Nikaona bora niufanye somo. Nikawachorea jino ubaoni, mzizi wake, mfupa, na katikati yao ule utando mwembamba wa nyuzi, kama robo milimita, unaolishika jino lisigusane na mfupa. Ukilisukuma jino kulia, nikawaambia, utando unabanwa upande wa kulia na unavutwa upande wa kushoto. Penye mbano zinakuja seli zinazokula mfupa. Penye mvuto zinakuja seli zinazojenga mfupa mpya. Jino linahama kwa sababu nyumba yake inabomolewa mbele na kujengwa nyuma, kama milimita moja kwa mwezi mambo yakiwa mazuri.

Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, je, mbomoaji akimshinda mjenzi?"

Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule. Ndiyo maana nguvu inatakiwa iwe ndogo na ya muda mrefu, nikamjibu. Ukisukuma kwa pupa, damu inakosa kupita kwenye utando, seli zinakufa, na jino badala ya kwenda linagoma. Hata waya wenyewe umetengenezwa kwa kazi hiyo. Ule wa mwanzo ni wa nikeli na titani, aloi iliyotoka kwenye maabara ya jeshi la majini la Marekani, na George Andreasen wa Chuo Kikuu cha Iowa ndiye aliyeiingiza kwenye meno miaka ya 1970. Unaupinda ukaubana kwenye meno yaliyopotoka, nao unatumia miezi ukitafuta kurudi kwenye umbo lake, kidogo kidogo, bila kuchoka.

Kilichonisumbua kuliko maumivu ni maji ya kwetu. Singida, kama Arusha na Manyara, ina sehemu ambazo maji yana floridi nyingi, na sisi tuliokulia huko meno yetu yana madoa ya kahawia. Gamba la jino la namna hiyo halishiki gundi vizuri. Braketi zangu zilikuwa zinabanduka. Nikila mahindi ya kuchoma, nimeimeza moja. Nikila hata ugali mgumu, nyingine inacheza. Daktari akaanza kulikwaruza gamba kidogo na kuliachia asidi muda mrefu zaidi kabla ya kubandika, ndipo zikakaa.

Meno yalipokwisha kupangika, waya wa chuma ukachukua nafasi ya ule wa mwanzo, na springi ikakaa kushoto, kati ya jino la mbele la pembeni na gego dogo, ikiyatenganisha taratibu. Hapo pengo likafunguka. Kwa miezi kadhaa nilitembea na uwazi mdomoni, na ajabu ni kwamba hapo ndipo watu walipoanza kuona kwamba nina kasoro. "Mwalimu umeng'oa jino?" "Sijang'oa, narudishiwa." Mazungumzo yaliishia hapo.

Milimita za mwisho zilitakiwa zije kwa raba. Kushoto raba ilitoka chonge ya juu kwenda gego la chini; kulia ilitoka chonge ya chini kwenda gego la juu; na mbele ikapita moja ya mshazari, kutoka juu kulia kushuka chini kushoto, inakata tabasamu katikati. Nilizivaa usiku na mchana. Ni hiyo ya mshazari iliyofanya kazi inayoonekana kwa macho, na ndiyo ambayo daktari aliiogopa, maana inavuta pia kwa wima, na ikiachiwa inalaza safu nzima ya meno upande. Kila nilipokwenda alinipima kwanza mlazo, halafu ndio mstari. Siku moja akapima, akapima tena, akazitoa raba zote akazitupa.

"Imebaki milimita moja," nikamwambia. Nilikuwa nimejifunza kujipimia.

"Imebaki. Ukitaka tuimalize, tutaimaliza. Utakuwa na mstari ulionyooka kwenye meno yaliyolala."

Tukaiacha. Nilikuwa nimesoma habari za Kokich wakati huo, kwa hiyo sikubishana, ingawa sitasema sikutamani. Ukishajua ulipo mstari huwezi tena kutoujua.

Safari za kwenda kwa daktari Dar es Salaam nilikuwa nimezianza kwa basi la alfajiri. Treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024 mimi nilikuwa nakaribia kutolewa vyuma. Jino la chuma la kupandikiza mfupani halikuwezekana, kwa sababu pale ambapo jino halikuota mfupa nao haukunenepa, na kuuongeza ni upasuaji mwingine na gharama nyingine. Nikawekewa la kubandika, linaloshikwa kwa bawa dogo nyuma ya jino la jirani. Nyuma ya meno ya mbele ya chini kuna waya mwembamba ambao sitautoa, na usiku navaa riteina, kwa sababu nyuzi za ufizi zinakumbuka zilikozoea na zinavuta kurudi huko mwaka baada ya mwaka. Shavu halijatafunwa tena.

Daktari alinipa vielelezo vya plasta vya meno yangu, vya kabla na vya baada. Likizo ya Desemba nilivipeleka Singida, nikavipanga mkekani mbele ya mama, nikamwonyesha kwa ncha ya kalamu mstari ulikokuwa na ulipo sasa, na mahali pa chonge. Akaviinua kimoja kimoja, akavigeuza, akanitazama mimi mdomoni, akavirudisha.

"Wamefanya vizuri," akasema. "Na haya madoa ya kahawia, hawakuweza kuyatoa?"